Chakula cha Usiku: Tule Saa Ngapi?

Leo katika ukurasa huu tunapenda kuzungumzia jambo ambalo hufanyika katika kila nyumba kila siku, na pengine kwa sababu hiyo hiyo hakuna anayelifikiria sana: saa ya kula chakula cha mwisho kabla ya kwenda kulala. Tumelichagua kwa ajili ya wagonjwa wawili waliofika hospitalini kwetu katika juma moja.

Wa kwanza aliletwa saa tisa usiku kwa pikipiki, ameshikiliwa katikati ya vijana wawili. Alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu, jasho linamtiririka, shati limelowa chapachapa, anasema maneno yasiyoeleweka na kuwasukuma waliomshika. Jirani mmoja alisema mzee amelewa. Mwingine alisema amerogwa. Mwanawe alidhani ni malaria iliyopanda kichwani. Mkewe ndiye aliyekumbuka kutuambia kwamba mzee ana kisukari na kwamba hujichoma sindano ya insulini. Tulimtoboa kidole, kipimo kikaonyesha 1.8, wakati mgonjwa wa kisukari hatakiwi kushuka chini ya 4. Tukampa glukosi kwenye mshipa, na baada ya dakika chache alifungua macho, akatutazama mmoja mmoja, akauliza mbona yuko hospitali.

Ndipo tulipouliza habari za jioni ile. Mzee alijichoma sindano saa kumi na mbili unusu, kama alivyofundishwa. Maharage yalikuwa bado magumu jikoni. Akajilaza kidogo kusubiri. Chakula kilipoiva saa tatu unusu, alikuwa amelala fofofo, na mama akamwonea huruma kumwamsha. "Sista," alituambia yule mama huku akilia, "mimi nilijua sindano ndiyo dawa. Chakula nilidhani atakula hata asubuhi."

Wa pili alikuja mwenyewe mchana, kwa miguu yake. Ni fundi seremala, umri kama miaka arobaini, mwenye mikono yenye nguvu na hofu kubwa usoni. Kila usiku kifua chake kinawaka moto, huamka saa saba au saa nane akikohoa, na mdomoni mna ladha ya uchungu na uchachu. Alikuwa amekwisha kuuza mbuzi ili apate nauli ya kwenda kupimwa moyo mjini. Daktari wetu alimpima vizuri, na moyo haukuwa na tatizo. Lakini alipoeleza jinsi anavyoishi, tulijua. Hufunga karakana saa tatu usiku, hufika nyumbani saa tatu unusu, hula saa nne sahani iliyojaa ugali na nyama ya kukaanga, na baada ya dakika kumi amelala chali.

Mmoja alilala bila kula, mwingine alilala na chakula kikiwa bado juu juu tumboni. Kwa hiyo mtu akituuliza, "Sista, chakula cha usiku kiliwe saa ngapi?" hatuwezi kumtajia saa moja inayowafaa watu wote. Sisi humwuliza kwanza: wewe unalala saa ngapi, na una hali gani ya mwili?

CHAKULA HUKAA TUMBONI MUDA GANI

Chakula kikishamezwa hushuka kwenye umio, yaani lile bomba litokalo kooni hadi tumboni. Pale umio unapoungana na tumbo pana msuli wa duara ambao hufunga na kufungua kama mdomo wa mfuko wa kamba. Hufunguka ili chakula kipite, kisha hufunga ili kisirudi. Ndani ya tumbo kuna asidi kali inayosaidia kusaga chakula na kuua vijidudu vingi. Tumbo lenyewe haliungui kwa sababu ukuta wake umekingwa kwa ute mzito. Umio hauna kinga kama hiyo. Asidi ikipanda huko, mtu huhisi moto nyuma ya mfupa wa kifua, na hicho ndicho kiungulia.

Maji na chai hupita tumboni upesi. Uji mwepesi nao haukawii. Lakini mlo kamili wa ugali au wali pamoja na maharage huchukua saa mbili, tatu, hata nne kabla tumbo halijabaki tupu, na mafuta yakiwa mengi huchukua muda mrefu zaidi. Mtu akiwa amekaa au anatembea, uzito wa chakula wenyewe hukivuta chini. Akilala, mdomo wa ule mfuko unakuwa sawasawa na mfuko wenyewe, na msuli ukilegea kidogo tu asidi hupita. Tena tukiwa usingizini mate hupungua na hatumezi mara kwa mara, kwa hiyo asidi iliyopanda hukaa huko huko ikiunguza. Mchana mate yangeisafisha.

Kutokana na hayo, kwa mtu mzima aliye mzima wa afya, na hasa mwenye kiungulia, tunashauri kuwe na saa mbili hadi tatu kati ya kumaliza kula na kulala. Hesabu ianzie kitandani kurudi nyuma. Anayelala saa nne usiku na amalize kula kati ya saa moja na saa mbili. Anayelala saa tatu kwa sababu alfajiri ana safari ya shamba, na amalize kati ya saa kumi na mbili na saa moja. Kwa mlinzi wa usiku anayelala saa mbili asubuhi hesabu ni ile ile, na sisi wauguzi tunaotoka zamu ya usiku tunajua jinsi ilivyo rahisi kuivunja: mtu amechoka, anakula wali wa jana sahani nzima, anaanguka kitandani na viatu.

Wapo wanaotuuliza kama kula usiku kunanenepesha. Kinachonenepesha zaidi ni wingi wa chakula cha siku nzima kuliko kazi tunayoifanya. Ila ni kweli kwamba mwili huitumia sukari vizuri zaidi asubuhi kuliko usiku, na mtu aliyekaa na njaa tangu asubuhi akija kukutana na sufuria saa tatu usiku hana breki.

KIUNGULIA CHA USIKU

Tulipomweleza fundi wetu habari hizi alisema hawezi kufunga karakana mapema, kwa kuwa wateja wake huja jioni wakitoka kazini. Hatukugombana naye. Tulimwomba ahamishe mlo. Ile sahani kubwa aile mchana, saa saba au saa nane, pale pale karakanani. Saa moja jioni ale chakula cha wastani ambacho mkewe atampelekea, na akifika nyumbani usiku anywe kikombe cha uji au ale tunda, basi. Nyama ya kukaanga aihamishie Jumapili mchana.

Jambo la pili lilikuwa kitanda. Wengi wenye kiungulia hujiwekea mito miwili mitatu. Mito hukunja shingo na tumbo tu, na tumbo likikunjwa hubanwa zaidi. Kinachofaa ni kuinua miguu ya kitanda upande wa kichwa kwa sentimita 15 hadi 20, ili mwili wote uteremke kutoka kichwani hadi miguuni. Tofali zilizolala imara zinatosha. Fundi alichonga vipande viwili vya mbao vyenye shimo la kukaa mguu wa kitanda, na baadaye akatuletea jozi mbili za wodini bila kutudai chochote. Kadhalika, kulala kwa ubavu wa kushoto husaidia, kwa kuwa hivyo ndivyo tumbo lilivyokaa: ukilalia kushoto, asidi inabaki chini ya mdomo wa umio.

Pombe na sigara hulegeza ule msuli. Mkanda au kanga iliyokazwa sana tumboni huusukuma chakula juu. Kahawa na chai kali ya usiku huwasumbua baadhi ya watu na wengine hazina neno kwao. Kila mtu ajichunguze. Magadi tunawaomba muyaache. Tunajua watu wengi huramba magadi kidogo au kunywa maji yake, na kweli moto huzimika kwa muda, lakini yana chumvichumvi nyingi ya sodiamu, nayo haimfai kabisa mwenye shinikizo la damu, mwenye ugonjwa wa figo au mama mjamzito.

Tukimtaja mjamzito, kiungulia chake kina sababu mbili. Homoni za mimba hulegeza msuli wa umio, na katika miezi ya mwisho mtoto husukuma tumbo juu. Kiungulia si kipimo cha uhakika cha nywele za mtoto, ingawa bibi zetu walituambia hivyo sisi pia. Mjamzito asipunguze chakula chake cha siku ili kukwepa kiungulia. Agawe: ale kidogo mara tano au sita kwa siku, na mlo wa mwisho uwe mdogo na wa mapema. Akiamka usiku na njaa, kipande cha kiazi au ndizi hakitamdhuru, mradi aketi kidogo kabla ya kurudi kulala.

Lipo kosa jingine ambalo hufanana na kiungulia. Mtu anameza vidonge vyake vya usiku akiwa tayari amelala, kwa funda moja la maji. Kidonge kinanata kwenye umio na kuuchoma. Doksisaiklini inajulikana sana kwa hilo, na dawa za maumivu kama diklofenaki nazo pia. Vidonge vimezwe mtu akiwa ameketi au amesimama, kwa bilauri nzima ya maji, na asilale kwa nusu saa.

Na vidonda vya tumbo? Karibu kila anayekuja kliniki na maumivu ya tumbo huja akijilaumu: "Nimekaa sana bila kula." Kwa miaka mingi hata sisi tulifundishwa kuwa vidonda hutokana na mawazo na kuchelewa kula. Mwaka 1982 madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, walifaulu kuotesha bakteria aishiye tumboni, anayeitwa Helicobacter pylori, na ikaja kuthibitika kwamba yeye ndiye chanzo cha vidonda vingi. Mwaka 2005 walipewa Tuzo ya Nobel. Chanzo kingine kikubwa ni matumizi ya muda mrefu ya asprini, diklofenaki na ibuprofeni. Saa ya kula inaweza kuamsha maumivu ya kidonda kilichopo, na kidonda cha utumbo wa mwanzo huuma hasa usiku tumbo likiwa tupu, lakini saa haizai kidonda. Mwenye maumivu hayo aje apimwe. Ipo dawa ya kuua bakteria huyo, nayo ni ya siku zinazohesabika. Kunywa maziwa kila usiku kwa miaka kumi si tiba.

WASIOTAKIWA KULALA NA NJAA

Hadi hapa tumesema habari za watu wanaokula kwa kuchelewa. Lakini tukiulizwa ni nani anayetutia wasiwasi zaidi, tutajibu ni yule anayelala bila kula. Kiungulia husumbua kwa miaka. Njaa ya usiku, kwa mtu asiyeihimili, inaweza kuua kabla ya asubuhi.

Tuanze na watoto wadogo. Mtoto hulala mapema kuliko ugali. Katika nyumba zetu nyingi mtoto wa mwaka mmoja na nusu hula mchana saa saba pamoja na wenzake, hucheza, na saa moja unusu ya usiku amelala kwenye mkeka sufuria ikiwa bado motoni. Mama anambeba hadi kitandani. Uji wa asubuhi unakuwa tayari saa mbili. Hesabuni wenyewe: ni saa 19 bila chakula. Hali hiyo ikitokea mara moja, mtoto mwenye afya ataistahimili. Ikiwa ndiyo desturi ya nyumba, basi mtoto anaishi kwa milo miwili, na huyo ndiye tunayempima kliniki mwezi hadi mwezi mstari wake ukiwa haupandi, na mama anaapa kwa dhati kwamba chakula kipo nyumbani. Ni kweli kipo. Kinaiva mtoto akiwa amelala.

Tumbo la mtoto ni dogo. Mtoto wa kilo 8 tumbo lake huchukua kama robo lita, yaani kikombe kimoja hivi. Hawezi kula mchana chakula cha kumfikisha kesho. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani hushauri mtoto anayenyonya wa miezi 6 hadi 8 apewe chakula mara 2 hadi 3 kwa siku, na wa miezi 9 hadi 23 mara 3 hadi 4, pamoja na vitafunio mara moja au mbili katikati. (Aliye chini ya miezi sita anyonye tu, mchana na usiku, kila anapotaka.) Mojawapo ya mara hizo inapaswa kuwa jioni, kabla usingizi haujamchukua.

Mliowahi kulaza mtoto mwenye utapiamlo katika wodi yetu mnakumbuka kwamba taa haizimwi na mama halali. Tunalisha kila baada ya saa mbili au tatu, usiku kucha, hata mtoto akilia hataki. Tunafanya hivyo kwa sababu watoto wa namna hiyo huishiwa sukari katika damu, mwili unapoa, nao hufa kimya kimya kwenye saa za alfajiri. Mtoto mwenye malaria kali pia sukari yake hushuka. Kwa hiyo mtoto mgonjwa nyumbani asiachwe alale moja kwa moja kwa kuwa "amepata usingizi, mwacheni apumzike". Aamshwe, akalishwe akiwa ameketi na macho yamefunguka kabisa, apewe uji au maziwa kidogo kidogo. Asilishwe akiwa bado na usingizi, kwani atapaliwa. Na mtoto asiyeamka kabisa mkimwamsha, huyo si wa kulishwa. Mleteni hospitali usiku huo huo.

Sasa turudi kwa mgonjwa wa kisukari. Insulini ina kazi moja: kuitoa sukari kwenye damu na kuiingiza mwilini. Ikishachomwa haiulizi kama umekula. Ile ya mchanganyiko, yenye rangi ya maziwa, ambayo wengi wa wagonjwa wetu huchoma asubuhi na jioni, huchomwa kama nusu saa kabla ya chakula, na sehemu yake inayofanya kazi polepole huwa na nguvu kati ya saa ya nne na ya kumi na mbili baada ya kuchomwa. Anayechoma saa kumi na mbili unusu jioni, nguvu hizo zinaangukia usiku wa manane, wakati kila mtu nyumbani amelala na hakuna wa kuona jasho lake.

Kwa hiyo tumeanza kuwafundisha wagonjwa wetu kanuni nyingine badala ya kutaja saa: chakula kwanza kionekane kwa macho. Sufuria iwe imeepuliwa au inakaribia, ndipo bomba la sindano lijazwe. Kama maharage bado ni magumu, sindano isubiri maharage. Tusieleweke vibaya. Hatusemi mtu aruke sindano. Kuruka kuna hatari yake kubwa, hasa kwa vijana ambao kongosho zao hazitengenezi insulini kabisa. Tunasema sindano na chakula vitembee pamoja. Mgonjwa anayetapika au asiyeweza kula kabisa asikae nyumbani akibahatisha, aje kwetu.

Wanaomeza vidonge nao wasikilize. Glibenklamaidi hushusha sukari hata kama mtu hajala, na kwa wazee hukaa mwilini muda mrefu. Mzee aliyepita miaka 60 na anaitumia, alete vidonge vyake kliniki tuvitazame upya. Metformini ikiwa peke yake si kawaida kushusha sukari kiasi cha hatari.

Watu wa nyumbani mjifunze dalili: jasho jingi la baridi, kutetemeka, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio, maneno yasiyo na mpangilio, ukali usio wa kawaida. Mkiziona, na mgonjwa bado anaweza kumeza, mpeni vijiko vidogo vitatu au vinne vya sukari katika nusu kikombe cha maji, au nusu kikombe cha soda ya kawaida. Ngojeni dakika 15. Kama hajapata nafuu, rudieni. Akishatulia, ale chakula hasa, maana sukari hiyo haidumu. Aliyezimia msimmiminie kitu mdomoni. Mlazeni ubavu na mkimbize hospitali.

Kabla ya mzee wetu kurudi nyumbani tulikaa na mkewe na binti yao. Walikubaliana hivi: kila siku unga wa uji na sukari vikae mahali pamoja panapojulikana, mzee asijilaze kitandani baada ya sindano mpaka ale, na akionekana amesinzia, aamshwe hata kama atakasirika. "Akinikasirikia nitamwambia ni amri ya Sista," alisema mama. Tulimruhusu. Suala la kufunga nalo aliliuliza, kwa kuwa mzee hupenda kushika saumu ya Kwaresima kikamilifu. Sheria ya Kanisa ya kufunga haimbani tena mtu anapouanza mwaka wake wa 60, wala mgonjwa hadaiwi saumu itakayomdhuru. Amwone paroko wake kwa namna nyingine ya kujinyima.

CHAKULA KINACHELEWA JIKONI

Baba mmoja akisoma hapa atafunga gazeti na kumwambia mkewe: "Umesikia? Chakula saa moja." Tafadhali asifanye hivyo. Sisi wenyewe ni akina mama, na tunajua jioni ilivyo. Mama anatoka shambani saa kumi na moja, anapita kuchota maji, kuni ni mbichi, mtoto analia mgongoni, na maharage makavu yanataka saa mbili hadi tatu motoni. Hakuna mahubiri ya nesi yatakayoyaivisha.

Kinachoweza kuyaivisha ni kuyaloweka. Maharage yalowekwe usiku, asubuhi maji yale yamwagwe, yapikwe kwa maji mapya. Yataiva upesi zaidi, tena gesi tumboni hupungua. Au yachemshwe wakati wa kupika chakula cha mchana, jioni yaungwe tu. Siku ambayo haikuwezekana, jioni iwe ya dagaa, mchicha au mayai, vitu vya dakika chache. Nyumba yenye watoto wakubwa, wa kike na wa kiume, haina sababu ya kumngoja mama ndipo moto uwashwe na maji yabandikwe. Na baba anayerudi mapema anaweza kumenya viazi. Tumewaona wanaume wakimenya viazi vya sherehe za parokia gunia zima huku wakiimba. Visu hivyo hivyo vipo na nyumbani.

Watoto wadogo wasingoje mboga. Saa kumi na mbili jioni wapewe chao: uji mzito wenye karanga zilizosagwa, ndizi au kiazi kilichopondwa na maziwa, ama ugali laini na mchuzi wa mchana uliochemshwa tena. Watakuwa wamekwisha kula hata kama mboga ya wakubwa itaiva saa tatu.

Limebaki la kumngoja baba. Yapo maboma ambako hakuna anayegusa chakula mpaka baba arudi, na baba yuko kwenye mazungumzo mahali tunapopajua mpaka saa nne. Ni desturi ya heshima, na hatuidharau. Lakini tuliwahi kumlaza mtoto mwenye miguu iliyovimba kwa utapiamlo kutoka nyumba yenye ng'ombe wanne, na tulipouliza, bibi yake alijibu kwamba watoto hulala kabla ya baba kufika. Baba huyo hakuwa mtu mbaya. Hakujua. Alipoelezwa pale kitandani alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Kwangu nitengewe." Chakula kinachotengwa kiwekwe kwenye hotpoti kikiwa cha moto kabisa. Kisikae mezani kimefunikwa sahani kwa zaidi ya saa mbili, maana vijidudu hupenda uvuguvugu, hasa katika wali na mboga za nyama. Kikipoa, kichemshwe tena mpaka kitoe moshi wote, si kupashwa juu juu.

WAKATI WA KUJA HOSPITALI

Kiungulia kinachotulia kwa kubadili saa ya kula na kuinua kitanda hakihitaji nauli ya mjini. Lakini msikae nyumbani kama chakula kinakwama wakati wa kumeza, kwanza ugali, baadaye hata uji. Saratani ya umio si haba katika Afrika Mashariki, na wengi hutufikia wakiwa hawawezi kumeza hata maji. Hapo hapo tuwakumbushe wanaopenda chai inayounguza ulimi: mwaka 2016 wataalamu wa kimataifa wa saratani waliviweka vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani hiyo. Iacheni ipoe kidogo.

Njooni pia kama mtu anatapika damu, anapata choo cheusi kama lami, anakonda bila sababu, au ana maumivu ya tumbo yanayomwamsha kila usiku. Na maumivu ya kifua yanayobana kama mzigo mzito, yakienda begani, mkononi au tayani, pamoja na jasho na kukosa pumzi, hayo msiyaite kiungulia. Njooni saa hiyo hiyo, iwe usiku au mchana.

Wanaohudhuria kliniki ya kisukari, tunawaomba kwa siku saba kabla ya tarehe yenu muandike nyuma ya daftari vitu vitatu kila jioni: saa ya sindano au kidonge, saa ya chakula, na saa ya kulala. Asiyejua kuandika amwombe mtoto wa shule. Tukiyaona hayo mezani tunaweza kupanga dawa kufuatana na jiko la nyumba yenu.